Fungua Mfuniko Kabla ya Kuiuza: Hotuba kuhusu Redio Zetu za Masafa Mafupi

Haya ni maneno niliyoyasema Kariakoo mbele ya wazee, mafundi na vijana waliokuja na redio zao za zamani. Nimeyaandika yote kwa ajili ya waliotaka kuja wakashindwa.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, poleni na kazi. Na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma, karibuni sana, maana mengi ya leo ni yenu.

Nianze na swali. Nani kati yetu ana redio ya zamani nyumbani, kwake au kwa wazazi wake, na redio hiyo haiongei? Nyosheni mikono. Naona ni karibu ukumbi mzima. Sasa swali la pili: kati ya mlionyosha mikono, nani amewahi kufungua mfuniko wa nyuma akatazama ndani kuna nini?

Mikono imeshuka. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Redio ikinyamaza tunasema imekufa. Anapita kijana na mkokoteni wa vyuma chakavu, redio inawekwa kwenye mizani pamoja na sufuria lililotoboka, pesa kidogo inatoka, na kitu kilichoipa nyumba habari kwa miaka thelathini kinaondoka mtaani. Nimeziona hizo redio zikienda. Nimezifuata nyingine hadi kwenye malundo, nikazinunua, nikazifungua. Na ninawaambia kwa uzoefu wa benchi langu: nyingi hazikuwa zimekufa. Zilikuwa na kitu kimoja au viwili vilivyochoka. Vitu hivyo vinajulikana, vina majina, na vingi vinapatikana mitaa michache tu kutoka hapa tulipokaa.

Kabla sijavitaja, vijana wanastahili kujua kwa nini nyumba za wazazi wao zilikuwa na redio za namna hii.

Nchi yetu ni kubwa. Mawimbi ya FM mnayosikiliza leo huenda moja kwa moja, na mlima au mwinuko wa ardhi unayazuia. Masafa mafupi, yaani kati ya megahezi 3 na 30, hupanda juu hadi kwenye tabaka la anga lenye chembe za umeme, yakarudishwa chini mbali sana na yalikotoka. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Baadaye Redio Tanzania ilisikika kwenye kilohezi 5050, katika bendi ya mita 60, bendi iliyotengwa kwa ajili ya nchi za joto kama yetu, ambako radi huvuruga masafa ya kati. Zanzibar tuliipata kwenye kilohezi 11735. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na ya Ujerumani mwaka 1963. Mtu wa Songea, mtu wa Kigoma, mtu wa Magomeni, wote walisikia habari ileile saa ileile.

Wazee, mnakumbuka Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya redioni? Mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Milioni 2! Na katikati ya kila kikundi kulikuwa na redio moja, na mtu mmoja aliyejua kuitunza. Huyo mtu hatumtaji. Mimi leo nataka tumtaje.

Sasa, redio hizi zinauawa na nini?

Muuaji wa kwanza ni betri. Mama mmoja wa Mbagala aliniletea redio ya National ya marehemu mumewe. Tangu msiba ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichokifuma kwa mikono yake, haina hata vumbi. Akaniambia, "Fundi, hakuna mtu aliyeigusa." Na kweli hakuna aliyeigusa, hata betri zake. Nilipofungua mlango wa betri nikakuta spring zimeliwa, ukungu mweupe na wa kijani umetapakaa, na maji ya betri yametiririka hadi pembeni mwa ubao wa saketi, yakakata njia mbili za shaba.

Kwa nini hutokea hivyo? Zile betri kubwa za kawaida, kopo lake la zinki ndilo linaloliwa kila inapotoa umeme. Betri ikiisha, kopo limebaki jembamba. Siku moja linatoboka, na chumvi zenye asidi zinatoka nje. Redio inayotumika kila siku ina nafuu, kwa sababu mwenyewe ataona betri zimelegea na atazitoa. Redio iliyohifadhiwa kwa heshima ndiyo inayoumia. Mama zangu, heshima ya kwanza kwa redio ya marehemu ni kutoa betri. Toeni betri. Leo jioni mkifika nyumbani, kabla ya kuvua viatu, toeni betri.

Ya yule mama tuliisafisha. Uchafu wa betri za kawaida za zinki una asidi, hivyo unafutwa kwa maji yenye magadi kidogo, kwa mswaki mkuukuu. Uchafu wa betri za alkalaini ni kinyume chake, huo unataka siki au ndimu. Ukichanganya mambo haya hupati kitu. Kisha unafuta kwa kitambaa chenye maji safi, unamalizia na spiriti, unaacha ikauke kabisa. Njia za shaba zilizokatika nikaziunga kwa vipande vya waya. Spring nikazitoa kwenye redio nyingine iliyokwisha. Ilipoanza kuongea, yule mama alinyoosha mkono akausogeza mshale mwenyewe hadi mahali mumewe alipokuwa akiuacha.

Muuaji wa pili ni kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi ndani ya saketi, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu mambo ni mengi na ndiko redio nyingi zinakookolewa.

Zile kapasita za duara, zenye alama ya chanya na hasi, ndani zina karatasi nyembamba ya alumini na karatasi iliyoloweshwa kimiminika. Kimiminika hicho hukauka. Joto linakiharakisha: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, maisha ya kapasita hupungua nusu. Fikirieni joto la Dar es Salaam mwezi wa pili, chumba cha bati, redio juu ya kabati karibu na dari. Kapasita ikikauka utasikia nini? Sauti inakuwa ndogo hata ukifungua mwisho. Au inakwaruza betri zikiwa bado mpya. Au redio inatoa mlio wa kupigapiga, pu-pu-pu-pu, kama injini ya boti inayotoka Kivukoni. Mafundi wenzangu mnaujua mlio huo. Ukiusikia, usianze kutilia shaka transista, vile vifaa vidogo vinavyokuza mawimbi na sauti. Nenda kwenye kapasita kubwa iliyounganishwa sambamba na betri, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalitegemei. Kapasita hizi huharibika pia kwa kutotumika. Ndani kuna utando mwembamba unaozuia umeme, na utando huo hupungua redio ikikaa miaka bila kuwashwa. Kwa hiyo redio unayoipenda iwashe. Iwashe kila mwezi, iache iongee nusu saa. Kuificha siyo kuitunza.

Unapobadilisha, soma namba. Mikrofaradi ziwe zilezile au karibu sana, volti ziwe zilezile au zaidi. Na vijana, sikilizeni hapa kwa makini: redio nyingi za transista za miaka ya mwanzoni hutumia transista za jerimani (elementi ya germanium, siyo nchi ya Ujerumani), za aina inayoitwa PNP, na chasisi yake, yaani fremu inayobeba vifaa, imeunganishwa na upande wa chanya. Chanya! Nyinyi mmezoea hasi ndiyo iwe kwenye chasisi. Nimeona kijana hodari, anayetengeneza simu vizuri kabisa, akifunga kapasita kinyume kwenye redio ya namna hiyo kwa sababu tu mkono ulifuata mazoea. Tazama alama ya ile unayoitoa kabla ya kuitoa. Na unapolehemu karibu na transista ya jerimani, shika mguu wake kwa koleo ili joto liishie kwenye koleo, maana haivumilii moto.

Na za umeme, zile redio za mbao zenye valvu, yaani chupa za kioo zilizofanya kazi hiyo kabla ya transista? Hapo mchezo hakuna. Familia moja ya Magomeni walikuwa na redio ya babu, mbao yake bado inang'aa. Mjukuu akarudi likizo, akaichomoa stoo, akaichomeka ukutani moja kwa moja. Ilitoa moshi. Kapasita ya kusafisha umeme, kitu cha bei ndogo, ilikuwa imepitisha umeme wote. Ikaua valvu ya kugeuza umeme, na valvu ikaiunguza transfoma. Transfoma ile kuisuka upya ni kazi ya mtu aliyebobea, na waliobobea wamebaki wachache. Kitu kidogo kiliondoka na kikubwa, kwa dakika moja ya shauku.

Kwa hiyo redio ya valvu iliyolala miaka haichomekwi ukutani. Kwanza inafunguliwa, kapasita zake za karatasi na nta zinabadilishwa, hasa ile inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho, kwa mfano EL84. Hiyo ikivuja, valvu inachemka hadi inakufa. Kisha unawasha kupitia balbu ya zamani ya waya, wati 60, iliyofungwa mfululizo na redio, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye redio. Balbu ikiwaka kwa nguvu na ikabaki hivyo, zima, kuna shoti ndani. Ikimulika kidogo ikafifia, endelea. Taa ya LED haifai kwa kazi hii.

Na uhai wenu! Ndani ya redio ya valvu kuna volti 200 na zaidi, na kapasita kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Ziondoe kwanza umeme kupitia rezista, kile kifaa kinachopunguza kasi ya umeme. Tena zipo redio zisizo na transfoma, zenye valvu za majina yanayoanza na U, kama UCH81 na UL84, ambazo chasisi yake imeunganishwa na waya wa ukutani. Chasisi yenyewe inaweza kuwa na umeme. Kama hujafundishwa, usizifungue peke yako. Nakuomba, siyo nakushauri.

Sasa niwaambie kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Kulikuwa na redio ya Philips kutoka Tandika. Kimya kabisa, ila spika inatoa mvumo mdogo, maana yake sehemu ya sauti ilikuwa hai. Mwenyewe alisema wakati mwingine ukiipiga kofi inaongea kidogo, kisha inanyamaza. Wangapi hapa mmewahi kuipiga redio kofi ikaongea? Mnaona. Basi ndani mlikuwa na transista za AF117, za miaka ya 1960, kopo refu la chuma lenye miguu minne. Mguu wa nne umeunganishwa na kopo lenyewe ili kuikinga transista na mawimbi ya nje. Ndani ya kopo lile, miaka inavyopita, bati huota nywele. Hazionekani kwa macho, ni nyembamba sana, lakini ni chuma, na zinapitisha umeme. Unywele mmoja ukigusa kiini cha transista, redio inanyamaza. Ukipiga kofi unywele unasogea, redio inaongea. Kisha unarudi.

Dawa yake? Unapima kwa mita kati ya mguu wa kopo na miguu mingine mitatu. Pakiwa na shoti, unakata ule mguu wa kopo. Basi. Mkato mmoja wa koleo. Transista inabaki mahali pake, nywele zinabaki mahali pake, na redio inaongea.

Nataka mkitafakari kisa hicho. Redio ile ilikuwa imeshapita kwa mafundi wengine, na mmoja alishapendekeza iuzwe kwa kilo. Haikukosa kipuri. Ilikosa mtu anayejua. Kila mwaka tunazika wazee wanaojua mambo kama haya, na hatukuwauliza.

Lipo tatizo la tatu, na hili si la redio hata kidogo. Ni la nyumba zetu za leo. Mzee mmoja wa Temeke alirudi kwangu amekasirika. Nilimtengenezea redio, kwangu ilisikika safi, kwake ni kelele tupu bendi zote. Nilimfuata nyumbani. Sebuleni kulikuwa na taa za LED nne, king'amuzi, na chaja mbili za simu ukutani. Tukachomoa kimoja kimoja. Tulipochomoa chaja ya pili, kelele ikakatika, na stesheni ikatokea. Mzee akabaki anaitazama ile chaja mkononi.

Vifaa hivi hukata umeme vipande maelfu kwa maelfu kila sekunde, na vya bei rahisi havina vichujio vya kuzuia uchafu huo usitoke nje. Masafa mafupi ndiyo yanayoumia. Kwa hiyo kabla hujamlaumu fundi, beba redio, iweke kwenye betri, toka nayo uani mbali na nyumba, usikilize. Ikisafika huko, redio yako ni nzima. Ukitaka kusikia zaidi, chukua waya wa shaba wenye ganda, mita 10 hivi zinatosha, uvute kutoka dirishani hadi kwenye mwembe, mbali kabisa na nyaya za umeme, uubane kwenye antena ya redio. Masika yakianza, utoe waya huo mara mawingu yanapokusanyika, usingoje radi ya kwanza.

Na jambo hili la saa. Ukiwasha redio saa sita mchana ukatafuta bendi ya mita 49, ukaikuta tupu, usiseme imeharibika. Mchana nenda kwenye bendi za juu, mita 25, 19, 16. Jua likizama shuka kwenye 31, 41, 49. Ni kweli stesheni zimepungua sana, mitambo mingi imezimwa duniani. Zilizobaki zinatosha kumpa mtu kazi ya jioni nzima.

Mengine nitayapitia haraka. Mende hupenda karatasi ya spika. Tundu dogo linazibwa kwa gundi na karatasi nyepesi, usitupe spika. Swichi ya bendi inayokwaruza inataka dawa ya kusafishia swichi, siyo mafuta ya kupikia, ambayo yanashika vumbi na kuganda. Usifunge redio kwenye nailoni, hasa nyinyi wa Kigamboni na Msasani wenye upepo wa chumvi, maana unyevu unabaki ndani. Kitambaa kinatosha, na kwa redio ya valvu kitambaa kitolewe inapowashwa. Na vile vikopo vidogo vyenye skrubu ya rangi juu, njano, nyeupe, nyeusi, msiviguse! Vimewekwa kiwandani kwenye kilohezi 455 au karibu yake. Ukivizungusha kwa kubahatisha, redio inapoteza usikivu, na kuirudisha kunataka mashine ya kutoa mawimbi.

Vipuri vipo? Vipo. Kapasita na rezista ni mpya na tele. Valvu kama EL84 bado zinatengenezwa, kwa sababu wapiga gitaa wanazitumia kwenye vikuza sauti. Nyingine, kama ECH81, ni za akiba ya zamani, hivyo redio iliyokwisha kabisa isitupwe, tuivunje tuhifadhi. Transista za jerimani, spring, vifundo, vioo vya namba za stesheni, vyote hivyo vinaokoa nyingine.

Mafundi wenzangu, ombi langu ni kwenu. Mwalimu wangu kila alipomaliza redio aliandika kwa penseli ndani ya mfuniko: tarehe, kilichobadilishwa, volti alizopima. Mpaka leo nikifungua redio nikakuta mwandiko wake, kazi yangu inapungua nusu. Tuandike. Na ile michoro ya saketi iliyobandikwa ndani ya mifuniko inaliwa na mende na unyevu, tuipige picha kwa simu zetu, tupeane. Na tuwaite vijana mezani, mabinti pia, washike mita wao, siyo kutushikia tochi.

Nimemaliza kusema, sasa tufanye kazi. Meza za nyuma ziko tayari, na kwenye kila meza yupo fundi mmoja na vijana wawili. Kila mwenye redio atafungua mfuniko mwenyewe, fundi ataelekeza. Tutaanza na za betri. Wenye redio za valvu kaeni upande wa dirishani, na tafadhali msizichomeke ukutani. Zitapita kwanza kwenye balbu, moja moja, na mimi nitakuwa hapo.